Kibandiko cha i7 Kilinila Elfu Hamsini na Tano

Kila wiki lazima mtu aniulize: "Bro, ninunue kompyuta gani ya kuediti video na kufanya dizaini?" Wacha nijibu leo, lakini kwanza niwaambie vile mimi mwenyewe nilichomeka.

Mwaka jana mamangu alinichukulia mkopo kwenye chama chao, elfu sitini, nami nikaahidi kurudisha elfu tano kila mwezi. Nikashuka tao, nikaingia duka moja la laptopu za ex-UK. Jamaa akanionyesha kibandiko. "Boss, hii ni i7, itabeba kila kitu." Nikatoa 55,000 bila kuuliza swali la pili. Kumbe ilikuwa i7-4600U, prosesa ya 2013 yenye viini viwili tu, tena hiyo U mwishoni ni ya mashine za kuokoa betri, si za kazi nzito. Namba inayofuata baada ya ile alama ndiyo inakuambia kizazi. i5 ya kizazi cha 12 inaiacha hiyo i7 mbali sana, lakini nani angeniambia? Muuzaji?

Nikapata kazi ya harusi Machakos. Bwana harusi alikuwa anasafiri Jumamosi kwenda Qatar kazini, akataka kubeba video yake. Ijumaa saa tisa usiku, laptopu ikiwa moto kama pasi, ikajizima kurenda ikiwa asilimia 71. Nikaanza upya. Ikajizima tena. Video ilitoka Jumatatu. Salio langu la 15,000 sikulipwa, na kusema ukweli sikuwa na uso wa kulidai. Bibi harusi aliniandikia neno moja tu: "Sawa."

Basi safari hii nilienda na maswali, na nikaamua sitaki laptopu. Najua watu wa MacBook mmeshafika kwa komenti. M1 ni mashine kali, haipigi kelele, na stima ikipotea unaendelea na kazi. Lakini kumbukumbu yake huwezi kuiongeza. Ukinunua ya 8GB, umeoa 8GB. Mimi nafungua Photoshop na Premiere pamoja, 16GB ndiyo naanzia, na mtu wa After Effects aanze kufikiria 32.

Nilichukua kompyuta ya mezani iliyotumika, i5-12400, viini sita. Kilichonivutia zaidi ni kwamba kamera nyingi tunazokodisha siku hizi zinarekodi H.265 ya 10-bit 4:2:2, aina ya faili inayotesa mashine vibaya. Prosesa hizi za Intel zina sehemu yake maalum ya kufungua faili hizo, wakati kadi za NVIDIA za kabla ya RTX 50 haziwezi. Kwa hivyo unaweza kununua kadi ya bei halafu bado video inakwamakwama ukiicheza. Kama mashine yako haiwezi, tengeneza nakala nyepesi za video, uediti nazo, halafu urende na zile halisi. Hiyo ni bure.

Diski iwe NVMe. Hapo sina maneno mengi.

Skrini ndiyo watu wengi hudharau. Ile laptopu yangu ilikuwa na skrini iliyofifia, nikadizaini bango la kanisa, nyekundu ikatoka kwa printa kama matofali. Uliza kama skrini inaonyesha sRGB yote au karibu yote. Muuzaji akikosa kujua, tafuta modeli yake mwenyewe kwa simu ukiwa hapo dukani. Usiogope kumkalia. Pesa ni zako.

Uzuri mwingine wa mashine ya mezani ni kwamba unainunua pole pole. Mimi bado sina kadi ya picha, ila nilihakikisha kasha lina nafasi na pawa saplai itaibeba, maana vile vikasha vidogo vya ofisi mara nyingi haviwezi.

Mama aliiona akauliza, "Na stima ikipotea, kijana?" Nikamwonyesha UPS. Inanipa kama dakika kumi za kusevu na kuzima. Akaiangalia, kisha akauliza chama kimebakisha miezi mingapi.

Minne, mama. Kadi itangoja.