Mwalimu, Mtandao na Neno "Hapa"

Darasani mwalimu husema, "Tazameni hapa," na wanafunzi huelewa mara moja, kwa kuwa kidole kimekwisha kusema sehemu kubwa ya sentensi. Ubao, kiimbo, hata kule kunyamaza kidogo kabla ya jibu, vyote ni sehemu ya somo ijapokuwa haviandikwi popote. Somo hilo linapohamishiwa mtandaoni, neno "hapa" hupoteza mahali pake, na mwalimu hulazimika kuandika yale ambayo kwa miaka mingi aliuachia mwili wake uyaseme.

Jambo hili hudhihirika zaidi walimu wa nchi mbalimbali wanapoandaa masomo ya namna hiyo pamoja. Chuo Kikuu cha Mtandao cha Afrika kilianza mwaka 1997 kikiwa mradi wa Benki ya Dunia. Katika miaka yake ya mwanzo kilipeleka kwa setilaiti mihadhara ya vyuo vya ng'ambo, na mhadhiri wa Afrika aghalabu alibaki kuwa msaidizi tu. Hali ilibadilika katika mradi wa elimu ya ualimu uliogharimiwa na Benki ya Maendeleo ya Afrika kuanzia 2005. Wahadhiri wa vyuo 12 kutoka nchi 10, zikiwamo Kenya, Tanzania, Uganda, Msumbiji na Senegali, waliandaa moduli 73 za hisabati, sayansi, teknolojia ya habari na ualimu, zikatolewa kwa Kiingereza, Kifaransa na Kireno.

Kwa mtazamo wa isimu, ugumu mkubwa wa kazi kama hiyo haumo katika mitambo. Mwandishi wa Kampala hawezi kutarajia kwamba msomaji wa Dakar atamkamilishia usemi wake. Mzaha, methali, mfano wa sokoni, dokezo la mtihani wa taifa: kila kimoja chahitaji ama kuelezwa ama kuachwa. Aidha, katika Afrika Mashariki mara nyingi mhadhara hutolewa kwa Kiingereza, lakini dhana ngumu hufafanuliwa kwa Kiswahili, kwa sentensi mbili tatu zisizoingia daftarini. Sentensi hizo ndizo zinazopotea kwanza katika moduli, na anayeumia ni mwanafunzi aliyekuwa akizitegemea.

Je, Kiswahili hakiwezi kuibeba kazi hiyo? Mfumo wake wa vionyeshi watoa jibu. Kiingereza hutofautisha karibu na mbali. Kiswahili kina *hapa*, *pale* na *hapo*, na hicho cha mwisho aghalabu hurejelea kilichokwisha kutajwa. Yaani, lugha hii hutenganisha kinachoonwa kwa jicho na kinachokumbukwa kutokana na maneno, tofauti ambayo somo lililoandikwa huihitaji katika kila ukurasa. Ushahidi wa vitendo nao upo: mpango wa TESSA, ulioanza 2005 kwa ushirikiano wa vyuo vya Afrika na Chuo Kikuu Huria cha Uingereza, ulitoa vifaa vya kuwaelimisha walimu kwa Kiingereza, Kifaransa, Kiarabu na Kiswahili.

Kwa hiyo, mafunzo ya kufundisha mtandaoni yanayoishia katika kubonyeza vitufe ni nusu ya mafunzo. Nusu ya pili ni mwalimu kulisikiliza darasa lake mwenyewe, kuzikusanya zile sentensi mbili tatu za Kiswahili, na kuziandika kwa uangalifu uleule anaoupa mhadhara wa Kiingereza. Moduli itakayozihifadhi itawafaa kwa pamoja mwanafunzi wa Kigoma na wa Bujumbura, ambao lugha za vyuo vyao huwatenganisha ilhali sokoni huelewana.