Siku 20 Zimebaki: Mbongo Aliyekwenda Chicago Kusaka Ajira Katikati ya Wanasayansi 20,000

Ukiangalia picha zake Instagram unajua kabisa huyu kashatoboa. Koti refu, beji shingoni, nyuma Ziwa Michigan linameremeta. Laiki zinamiminika, mashosti wanaandika "Daktari wetu!", na binamu mmoja wa Arusha hakuchelewa, kaingia inboksi kuomba hela ya ada. Picha haikuonyesha kitu kimoja tu: dada mwenyewe, Mtanzania mwenye PhD ya mambo ya ubongo, hakuwa na kazi, na alikuwa anahesabu siku kama mfungwa.

Hizo siku ziko hivi. Mwanafunzi wa kigeni akimaliza chuo Marekani kwa viza ya F-1, anaruhusiwa kufanya kazi ya fani yake miezi 12, na waliosoma sayansi wanaweza kuongezewa 24. Tamu kuisikia. Ila ndani kuna mtego: kwenye ile miezi 12 ya mwanzo, ukikaa bila kazi zaidi ya siku 90 kwa jumla, kibali chako cha kuwa nchini kimekwenda na maji. Jumamosi na Jumapili nazo zinahesabiwa. Ya kwake ilianza kuhesabu tarehe 1 Agosti 2024. Mkutano ulifunguliwa tarehe 5 Oktoba. Siku ya 66 hiyo.

Mkutano wenyewe ni ule wa kila mwaka wa Society for Neuroscience, chama cha wanasayansi wa ubongo na mishipa ya fahamu. Mwaka huo ulikuwa McCormick Place, jengo la mikutano kubwa kuliko yote Amerika ya Kaskazini. Chukua theluthi moja ya watu wanaojaza Uwanja wa Mkapa siku ya Simba na Yanga, wavalishe beji, halafu waambie waongelee panya siku tano mfululizo. Ndiyo hapo.

Sasa mtu ataona watu 20,000 ni mabosi 20,000. Thubutu! Wengi wao ni wanafunzi na wahitimu wanaosaka mchongo uleule: postidoki, ile ajira ya utafiti ya miaka michache ambayo mtu hupitia baada ya PhD kabla hajapata maabara yake. Kiwango cha chini ambacho taasisi ya afya ya serikali, NIH, iliwawekea wa mwaka wa kwanza mwaka huo kilikuwa dola 61,008 kwa mwaka. Ukizibadilisha ziwe shilingi unaweza kuzimia, ila kodi ya nyumba ya Boston inazimeza bila hata kucheua.

Kujiandaa alijiandaa. Wiki tatu kabla aliwaandikia barua pepe wakuu wa maabara 14. Watano walijibu, watatu wakakubali kuonana naye kwa kahawa, aliyetokea ni mmoja. Huyo mmoja muda wote alikuwa anachungulia saa, akasema kazi yake "inavutia sana". Wanaowajua Wamarekani wanajua hilo neno lina uzito gani. Yaani halina.

Halafu kuna suala la beji. Kule watu hawaanzi na uso wako. Macho yanashuka kifuani kwanza, wanasoma jina la chuo, ndipo wanaamua wakupe tabasamu la dakika moja au la dakika kumi. Chuo chake ni kizuri tu, ila siyo kile cha kumfanya mtu aache kumfukuzia mwenye jina. Na bosi wake wa zamani, ambaye ruzuku yake ndiyo iliyokauka mpaka yeye akabaki bila ajira, mwaka huo hakusafiri. Kwa hiyo hakuwa na mtu wa kumshika mkono na kusema "mjue huyu binti, yuko vizuri". Koneksheni, wenyewe mnaijua. Wanaodhani ni ugonjwa wa Bongo peke yake wakae siku moja pale ukumbini waone anayetambulishwa na mzee anavyofunguliwa milango.

Usiku, chumba walicholala wanne, alimpigia mama yake Mbulu.

"Shikamoo mama."

"Marahaba mwanangu. Huko kwenye mkutano wanakupa posho?"

Akacheka tu. Angeanzia wapi kumwambia kwamba kwenye huu mkutano mwenye kuhudhuria ndiye anayelipa kiingilio?

Kinachouma zaidi ni kwamba siku nne zote hakumwambia mtu yeyote kwamba hana kazi. Akiulizwa, "namalizia malizia vitu". Malezi hayo. Binti aliyefundwa kwamba kuomba ni kujidhalilisha, leo unamtaka amwendee mgeni amwambie niajiri? Aliyemchana ukweli ni Mkenya mmoja waliyekutana kwenye foleni ya chakula.

"Dadangu, hapa kila mtu anatafuta kitu. Shida yako umevaa kama mwenye kazi. Andika kwa bango lako uko sokoni. Aibu iache kwa hoteli."

Bango lenyewe lilipangiwa Jumatano mchana, na hapo ndipo mkosi ulipokamilika. Jumatano ndiyo siku ya mwisho. Mchana ule watu wanaburuza masanduku kuwahi ndege, makampuni ya hadubini yanafungasha, hata zile kalamu za bure zimeisha. Safu nzima ya mabango, watu wa kuhesabu. Aliazima maka peni kwa kijana aliyekuwa anabomoa banda lake, akaandika juu kabisa, herufi kubwa zilizopinda kidogo: NATAFUTA POSTIDOKI, NAWEZA KUANZA KESHO. Kwa Kiingereza, bila shaka. Kisha akasimama pembeni, mikono inatetemeka.

Kazi yake inahusu kifafa kinacholetwa na tegu wa nguruwe. Mayai ya mnyoo huyu yakiingia tumboni kwa chakula au maji machafu, watoto wake wanaweza kusafiri hadi kwenye ubongo na kujenga vifuko. Vifuko hivyo vinaweza kukaa kimya miaka mingi, na mara nyingi degedege huja pale mnyoo anapoanza kufa, mwili ukamshtukia na kuvimba kumzunguka. Anachunguza huo uvimbe kwenye ubongo wa panya. Mama yake mdogo aliishi na kifafa, na mtaani walisema karogwa. Hilo kwenye bango hakuliandika.

Dakika ishirini za kwanza, sifuri. Kisha akapita mama wa makamo na sanduku lenye gurudumu linalolia, akasoma yale maandishi ya maka peni, akacheka kwa sauti, akasimama. Kumbe aliwahi kufanya utafiti Peru, ambako tegu nao wanasumbua kweli. Wakazungumza dakika arobaini, bila foleni, bila mtu wa kuwakatiza. Jumapili asubuhi usingempata mama yule hata dakika tano.

Habari njema: alitaka CV usiku uleule, na mazungumzo ya Zoom na maabara yake nzima wiki inayofuata. Habari nyingine: majibu ya ruzuku yake ni Desemba. Siku ya 90 ni tarehe 29 Oktoba.

Upenyo upo. Ndani ya ile miezi 12, kujitolea bila malipo kwenye kazi ya fani yako, angalau saa 20 kwa wiki, kunahesabika kuwa ni ajira, na saa ya siku 90 inasimama. Kodi ya nyumba ndiyo haisimami, na akiba yake ilikuwa ya miezi miwili. Lakini kujitolea nako lazima mtu akupokee.

Uwanja wa ndege, mgongo ukutani karibu na soketi ya chaji, akampigia bosi wake wa zamani. Safari hii hakuzunguka. Alisema hana kazi, siku zimebaki 20, anaomba benchi lake la zamani hadi Desemba bila mshahara.

Upande wa pili ukawa kimya kidogo.

"Kwa nini hukusema tangu Agosti? Njoo Jumatatu saa tatu. Funguo bado unazo?"