Herufi Moja Iliyokula Kibubu Chetu

Msomaji, kama wewe ni mwanaume unayejifanya unajua kila kitu, leo nina la kwako.

Mwaka 2023, hapa hapa Mbangala, mkoa wa Songwe, mke wangu alikuwa na kijiduka cha kuchapa barua na kuwatumia watu maombi ya kazi kwa intaneti. Mtaji wote ulikuwa kompyuta mpakato moja ya mtumba yenye RAM ya GB 4. Akifungua barua na kurasa mbili za intaneti kwa pamoja, inaganda. Wateja wanasonya, wanaondoka. Naye alikuwa na mimba ya miezi saba.

Nikaona nimfanyie sapraizi. Nilikuwa na safari ya Tunduma, basi nikachokonoa kibubu cha vitu vya mtoto, nikatoa elfu hamsini kimya kimya. Dukani nikasema nataka RAM ya mpakato, DDR3, GB 4. Nikalipa, nikajiona mume bora wa Songwe nzima.

Usiku nilifungua skrubu, yeye akinimulikia na simu. RAM ikaingia vizuri, klipu zikabana. Nikawasha. Kioo cheusi. Nikaitoa, nikaifuta, nikairudisha. Cheusi.

"Hela umetoa wapi?"

Nikanyamaza. Akakitazama kibubu, akaenda kulala. Siku tatu mazungumzo yetu yalikuwa "chakula tayari" na "asante". Nikampigia simu muuzaji. Akajibu kwamba mali ikishatoka hairudi.

Siku ya nne akaja na daftari lake la duka. Miezi kadhaa nyuma, fundi alipofungua kompyuta kusafisha feni, mwenzangu alinakili maandishi ya kwenye lebo ya RAM: PC3L-12800S. Niliyonunua mimi iliandikwa PC3-12800S.

"Mume wangu, hiyo L ungeniuliza tu."

Wee acha! DDR3 ya kawaida hutumia volti 1.5, na DDR3L hutumia volti 1.35. Umbo ni moja na mkato wa chini uko mahali pale pale, ndiyo maana iliingia bila ubishi. Ingekuwa DDR4 isingeingia kabisa. Kompyuta yetu ilikuwa na prosesa ya Intel ya kizazi cha nne, na mpakato za kizazi hicho zinataka hiyo ya volti ndogo. Kinyume chake, DDR3L hukubali pia volti 1.5, kwa hiyo anayebabaika kati ya hizo mbili heri achukue yenye L.

Safari hii tulikaa wawili mezani. Kwenye Task Manager, upande wa memori, tuliona nafasi za RAM ni mbili na moja ni tupu. Hatukuwa na haja ya kununua GB 8 na kuitupa ya zamani. GB 4 nyingine ilitosha. Tukahakikisha Windows yetu ni ya biti 64, maana ile ya biti 32 huishia GB 4 na hela ingekwenda bure. Mke wangu akampigia picha ya lebo fundi wa Mbeya, wakakubaliana kwamba ikikataa inarudi, ndipo akatuma hela. Mimi sikuongea kitu.

RAM ilikuja na basi. Ikawaka mara ya kwanza.

(Leo kosa langu lingeuma zaidi: tangu mwishoni mwa 2025 bei za memori zimepanda duniani, viwanda vikikimbilia kuhudumia vituo vya akili mnemba.)

Nilirudisha ile elfu hamsini kidogo kidogo. Ya mwisho niliitia wiki moja kabla binti yetu hajazaliwa. RAM yangu ya Tunduma mama watoto alikataa isitupwe. Aliitumbukiza kwenye kibubu, na hadi leo nikitia sarafu naisikia ikigonga.