Hodi ya Serikali

Desturi ya kubisha hodi ni kongwe kuliko sheria zote zilizoandikwa katika Afrika Mashariki. Mgeni akifika nyumbani kwa mtu, hata kama mlango u wazi na wenyeji wanaonekana ndani, husimama nje, akapaza sauti, akangoja. Akijibiwa huingia, asipojibiwa mara ya tatu hurudi alikotoka. Desturi hii haikuwekwa kwa ajili ya wezi, maana mwizi habishi hodi. Iliwekwa kwa ajili ya watu wema, ili wema wao usigeuke ujeuri. Jirani, mkwe, mdai na padre, wote husimama mahali pamoja mbele ya kizingiti. Swali lililobaki ni dogo kwa maneno na kubwa kwa maana: je, serikali nayo ni mgeni apaswaye kubisha hodi, au ni mwenye nyumba aingiaye apendapo?

Ni shida kupata mahali pafaapo kuliuliza swali hilo kuliko wilaya za Ngara na Biharamulo, katika pembe ya magharibi ya mkoa wa Kagera. Ngara hupakana na Rwanda na Burundi. Biharamulo iko mashariki yake, nyuma ya misitu. Kihangaza kisemwacho Ngara na Kirundi kisemwacho ng'ambo ni kama watoto wa mama mmoja, na mtu wa Kabanga humwelewa mtu wa upande wa pili bila ya mkalimani. Mpaka uliowatenga haukuchorwa na wao. Baada ya Vita Kuu ya Kwanza, Waingereza na Wabelgiji walipatana mwaka 1919 kugawana nchi iliyokuwa ya Wajerumani. Bugufi, iliyokuwa na uhusiano wa zamani na ufalme wa Burundi, ikabaki Tanganyika. Mstari wa wino ukawa ukuta katikati ya koo. Tangu hapo mtu wa Ngara aweza kuwa na shamba katika dola moja, na shangazi katika dola nyingine, bila ya yeye wala shangazi yake kuhama hata hatua moja.

Katika nchi kama hiyo jina la mtu, lugha yake na sura ya uso wake hufanywa ushahidi. Mtu wa Dodoma akisema lugha ya mama yake huhesabiwa kuwa anazungumza. Mtu wa Ngara akisema lugha ya mama yake aweza kuhesabiwa kuwa anakiri.

Haki yataka hoja ya serikali isikilizwe kwanza. Vita vya nchi jirani vilileta wakimbizi, na pamoja na wakimbizi zilikuja silaha. Kwa miaka mingi barabara za Biharamulo na Ngara, zipitazo katika misitu, zilikuwa na majambazi wenye bunduki, na mabasi yalipita yakisindikizwa na askari. Abiria aliyesafiri namna hiyo, akihesabu miti kwa hofu, hawezi kumcheka mlinzi. Wahenga walisema kikulacho ki nguoni mwako, na serikali isiyotazama nguo zake yaweza kuliwa pamoja na watu wake. Basi ubishi haumo katika kulinda; umo katika namna ya kulinda, na katika swali la nani amlinde raia na mlinzi wake.

Utazamaji wa raia haukuanza na mitambo. Katika miaka ya 1960 chama cha TANU kiliweka mabalozi wa nyumba kumi kumi. Balozi alijua mgeni aliyelala, mahari iliyolipwa na ugomvi uliosuluhishwa. Balozi mwema alikuwa mzazi wa pili wa watu wake, na kesi nyingi zilikwisha barazani kwake bila ya kufika mahakamani. Lakini alikuwa pia sikio, na sikio halichagui la kusikia. Mwaka 1962 Bunge lilikuwa limekwisha kupitisha sheria ya kumweka mtu kizuizini bila ya kumshitaki. Sikio likikutana na mkono wa namna hiyo, mnong'ono hupata nguvu ya hukumu, na mnong'onwaji hana wa kumjibu.

Madhara ya jambo lililoandikwa juu ya mtu, hata hivyo, watu wa Ngara walifundishwa na mto. Katika mwezi wa Aprili 1994 Mto Kagera ulileta Rusumo miili ya watu waliouawa Rwanda, na mingi ilichukuliwa na maji hata Ziwa Viktoria na fukwe za Uganda. Kisha tarehe 28 na 29 ya mwezi huo watu wapatao 250,000 walivuka daraja la Rusumo kwa muda wa saa 24 hivi, na Benaco ikawa mji wa mahema kwa usiku mmoja. Miongoni mwao walikuwamo wasio na hatia, na walikuwamo wauaji pia.

Miili ile ilikuwa na historia ya makaratasi. Katika miaka ya 1930 utawala wa Kibelgiji uliwaandikia watu wa Rwanda vitambulisho vyenye kutaja kabila: Mhutu, Mtutsi au Mtwa. Karani aliyeandika neno hilo yamkini hakuwa na nia ya kumwua mtu. Alitaka daftari lake liwe safi na kazi ya utawala iwe nyepesi. Serikali zilizofuata baada ya uhuru wa mwaka 1962 ziliurithi utaratibu huo zikauendeleza. Miaka sitini baada ya karani yule, neno lake lilisomwa kwenye vizuizi vya barabara, na msomaji alikuwa na panga mkononi. Hilo ndilo funzo ambalo mtu wa Rusumo halihitaji kitabuni. Habari za mtu hukusanywa na serikali moja kwa sababu moja, zikatumiwa na nyingine kwa sababu ya pili. Wino haujui bwana wake wa kesho.

Tanzania si Rwanda ya 1994, na kuzilinganisha sawasawa kungekuwa dhuluma. Walakini funzo la mto halidai nchi mbili ziwe sawa. Ladai tu kwamba hatari ya daftari ipimwe kwa mtawala mbaya awezaye kuja, isipimwe kwa mtawala mwema aliyepo.

Miaka kumi na tisa baadaye wilaya hizi zilijaribiwa kwa njia nyingine. Mwezi wa Julai 2013 Rais Jakaya Kikwete, akiwa katika ziara ya mkoa wa Kagera, aliwapa wiki mbili wahamiaji wasio na kibali waondoke, na wenye silaha wazisalimishe. Mwezi wa Septemba ikafuata Operesheni Kimbunga katika mikoa ya Kagera, Kigoma na Geita. Maelfu ya watu walivuka mpaka, baadhi kwa kupelekwa na baadhi kwa hiari iliyozaliwa na hofu. Bunduki zilipatikana, na barabara zilihitaji jambo hilo. Lakini habari za wakati ule zilieleza pia juu ya watu walioishi nchini kwa miongo, na ndoa zilizokatwa katikati, mume upande huu na mke upande ule.

Na achukuliwe mkulima wa Rulenge, mfano tu wala si mtu fulani. Ana migomba, ana mibuni, na ana jirani aliyegombana naye juu ya mpaka wa shamba. Siku ya msako jirani yule hana haja ya kumpiga wala kumshitaki, yamtosha kunyosha kidole na kusema, "Babu yake alitoka ng'ambo." Mkulima atajibu nini? Alizaliwa nyumbani kama wazee wake, mkunga hakumwandikia cheti, na babu amekwisha kufa. Mashahidi wake ni majirani, na jirani ndiye mshitaki. Uraia wake, ambao jana ulikuwa kama hewa, leo umekuwa deni la kulipwa papo hapo, na mdai ameshika silaha.

Mtambo ulipokuja haukuufuta mnong'ono huo, uliupa kumbukumbu. Kuanzia Mei 2019 laini za simu zilitakiwa kusajiliwa kwa alama za vidole pamoja na namba ya kitambulisho cha Taifa. Mwisho uliwekwa 31 Desemba, ukasogezwa hadi 20 Januari 2020, na baada ya hapo laini zisizosajiliwa zikaanza kufungwa. Mtu wa mikoa ya kati aliulizwa maswali machache. Mtu wa mpakani aliulizwa juu ya baba, juu ya babu, na mahali alipozaliwa kila mmoja. Aliyekosa namba hakukosa kadi tu. Alikosa sauti ya kumwita mwanawe aliye mbali, na fedha alizotumiwa kwa simu.

Laini ikisajiliwa, kampuni ya simu huwa na daftari lisilolala: nani alimpigia nani, saa ngapi, na akiwa karibu na mnara gani. Mkulima yule ana dada aliyeolewa Muyinga, Burundi. Mama yao akiugua atampigia dada mara ishirini kwa usiku mmoja. Katika daftari mapenzi ya ndugu yataonekana kuwa mawasiliano mengi ya usiku na nchi ya kigeni. Mtambo haujui msiba, hujua idadi. Na asomaye idadi bila ya kubisha hodi hana wa kumweleza kwamba usiku ule palikuwa na mgonjwa.

Wako wasemao kuwa asiye na hatia hana la kuficha, nao hukumbusha kwamba mficha maradhi kilio kitamfichua. Methali hiyo ni ya kweli kwa mgonjwa na tabibu wake, kwa sababu mgonjwa humchagua tabibu na tabibu hula kiapo cha kutunza siri. Haikusema mgonjwa avuliwe nguo sokoni. Mtu huoga kwa mlango uliofungwa, wala kuoga si kosa. Mdeni, mchumba, mtubu na mjane wana siri zao, wala hawana hatia. Tena mtu ajuaye kuwa anasikilizwa wakati wote huacha kusema alionalo, akasema linalopendeza sikio lisilo na uso. Taifa la watu wa namna hiyo huwa na utulivu, lakini ni utulivu wa chumba ambamo kila mtu amejifanya amelala. Mwanachuoni hawezi kufanya kazi humo, na mtawala naye hawezi kuijua kweli ya nchi yake.

Sheria ya nchi haikuliacha jambo hili bila ya neno. Tangu mabadiliko ya mwaka 1984 Katiba ya Jamhuri ya Muungano ina sura ya haki za raia. Ibara ya 16 hulinda nafsi ya mtu, maisha yake binafsi, familia, maskani na mawasiliano yake. Ibara ya 18 hulinda uhuru wa kuwasiliana bila ya kuingiliwa. Ibara ya 16 yakubali kwamba haki hiyo yaweza kuingiliwa, lakini kwa utaratibu wa sheria utakaoeleza hali, namna na kiasi. Mambo hayo ni matatu, kama hodi ilivyo tatu. Hali: kwa sababu gani serikali imekuja mlangoni? Namna: imetumwa na nani, na hakimu yupi ameiruhusu? Kiasi: itaingia chumba gani, na itatoka lini? Serikali isiyojibu hata moja kati ya hayo imeingia bila ya hodi, ijapokuwa imevaa sare.

Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika tarehe 1 Mei 2023, iliongeza kizingiti kingine na kuunda tume ya kukisimamia. Ni hatua ya kusifiwa. Lakini sheria hiyo imeacha nafasi kwa mambo ya usalama wa Taifa, na nafasi ya namna hiyo hujulikana upana wake siku ya upepo, si siku ya shwari.

Mahakama ya Afrika ya Haki za Binadamu na Watu, iliyo Arusha, ilipata kusikia malalamiko ya mtu aliyekwenda polisi Babati mwaka 2012 kwa ajili ya taratibu za ndoa, pasi yake ikazuiwa kwa shaka ya uraia. Mwaka 2014 alifukuzwa kwenda Kenya, Kenya ikamrudisha, akabaki kuishi katika kipande cha ardhi kisicho cha nchi yoyote, kati ya mipaka miwili. Tarehe 22 Machi 2018 mahakama iliamua kuwa alinyang'anywa uraia bila ya haki, na kwamba mzigo wa kuthibitisha ulikuwa juu ya serikali. Maneno hayo ndiyo ambayo mkulima wa Rulenge angetaka kuyasikia siku kidole kiliponyoshwa. Lakini mwezi wa Novemba 2019 serikali iliondoa tamko lake lililowaruhusu raia na mashirika kuiendea mahakama hiyo moja kwa moja, na uondoaji huo ukaanza kutumika Novemba 2020. Jengo likabaki Arusha, na mlango wake kwa Mtanzania wa kawaida ukafungwa.

Kwa hiyo ulinzi wa faragha umerudi ulikoanzia, mikononi mwa watu wenyewe na mahakama zao za ndani. Wakili aweza kudai hati ya hakimu kabla ya daftari la simu kufunguliwa. Mbunge aweza kuuliza habari zilizokusanywa zitafutwa lini. Mwenyekiti wa kijiji aweza kumwita mshitakiwa asikilizwe kabla ya kutia sahihi. Na jirani, ambaye hana cheo chochote, ana kazi kubwa kuliko wote: kukiinamisha kidole chake. Hapana mtambo uwezao kumjua babu wa mtu. Mtambo hupokea tu uliloambiwa, na aghalabu aliyeuambia ni jirani.

Jioni, katika vilima vya Ngara, sauti ya hodi husikika nyumba hata nyumba, nayo husikika ng'ambo ya mpaka kwa maneno ya lugha nyingine na kwa adabu ile ile. Anayeitoa husimama akangoja, ingawa anajua ataambiwa karibu. Heshima yote ya mwenye nyumba imo katika kungoja huko.