Helen, Babu na Dada Yangu

Katika likizo ya Desemba iliyopita nilikwenda kwetu Tanga, nikakaa kwa babu yangu mzaa mama. Babu ni mzee wa miaka sabini na mitano, mcha Mungu, tena mkali sana katika mambo ya heshima. Lakini ana udhaifu mmoja ambao mtaa mzima waujua: anapenda mno sinema za Kihindi. Ujanani mwake alikuwa akijipanga mstari mbele ya majumba ya sinema ya Tanga, na hata leo aweza kuimba wimbo mzima wa Kihindi, kutoka mwanzo hata mwisho, asijue maana ya neno hata moja.

Katika wachezaji wote wa sinema hizo hakuna amsifuye kama Helen. Jioni moja tulitazama picha iitwayo Caravan, ya mwaka 1971. Ulipofika wimbo wa Helen, Babu aliweka chini kikombe chake cha kahawa. Mwimbaji alikuwa Asha Bhosle, naye alikuwa akiimba huku akihema kama mtu aliyekimbia. Lakini aliyeonekana machoni petu alikuwa Helen, akizunguka na kupinda mwili kama unyasi katika upepo. Babu akapiga makofi, akasema, "Mjukuu wangu, yule hakuwa na mfupa!"

Nikamwuliza, "Babu, na Dada je?"

Uso wake ukabadilika. "Hayo ni mambo mengine," akasema, akanyanyuka kwenda kulala.

Sina budi kueleza. Dada yangu ni mnenguaji wa bendi ya muziki wa dansi mjini Dar es Salaam. Baba yetu alipofariki mimi nilikuwa darasa la tano, naye alikuwa kidato cha pili. Mama hakuwa na kitu. Dada akaacha shule, akaenda Dar es Salaam kufanya kazi za ndani, na baadaye akapata nafasi katika bendi. Tangu Babu alipopata habari hiyo hapokei salamu zake. Dada akimwamkia shikamoo kwa simu, simu hurudishwa kwa Mama bila jibu.

Lakini nisimlaumu Babu peke yake. Siku ya Wazazi ya mwaka jana, Dada alikuja hapa shuleni. Alisafiri usiku kucha baada ya kazi, akaniletea sabuni, daftari kumi na mbili na jozi ya viatu. Rafiki zangu wa bweni wakaniuliza, "Nani yule?" Nikaona nywele zake zilizotiwa rangi na kucha zake ndefu, nikajibu, "Ni jirani yetu wa nyumbani." Sikujua kuwa amesimama karibu. Hakusema neno. Alinikabidhi mzigo, akaniambia, "Soma sana, mdogo wangu," akaenda zake kituoni kungoja basi.

Basi, usiku ule wa Caravan sikupata usingizi. Nilijiuliza, je, huyu Helen ambaye Babu anampigia makofi, yeye alitoka wapi? Siku zilizofuata nikatafuta habari zake na kuzisoma.

Helen alizaliwa mwaka 1938 mjini Rangoon, katika nchi ya Burma, ambayo wakati huo ilitawaliwa na Waingereza. Jina la Burma si geni kwa wazee wetu, kwani askari wengi wa Keya kutoka Afrika Mashariki walipelekwa kupigana huko mwaka 1944. Wajapani waliiteka Rangoon mwaka 1942, na watu kwa malaki wakakimbilia India, wengi wao kwa miguu, wakipita misituni na milimani. Baba yake Helen alikufa wakati wa vita hiyo. Mama yake, ambaye alikuwa mjamzito, alishika njia pamoja na watoto wake.

Mwaka 1964 Helen aliisimulia safari hiyo katika gazeti la Filmfare. Hawakuwa na fedha wala chakula, wakawa wanaishi kwa huruma ya watu wa vijiji walivyopita. Mama yake aliharibikiwa na mimba njiani. Wengine waliugua wakaachwa nyuma. Walipofika Dibrugarh, katika jimbo la Assam, kundi lao lilikuwa limepungua nusu, naye Helen na mama yake walikuwa wamebaki mifupa mitupu. Walilazwa hospitali miezi miwili. Kisha wakaenda Calcutta, na huko ndugu yake mdogo akafa kwa ndui. Hatimaye wakafika Bombay. Helen alikuwa bado mtoto mdogo.

Mama yake alipata kazi ya uuguzi, lakini mshahara haukutosha kuilisha nyumba. Hapo ndipo Helen alipoacha shule. Mwanamke mmoja aliyeitwa Cuckoo, mcheza dansi maarufu wa sinema za siku zile, alimwombea kazi ya kucheza pamoja na kundi, nyuma ya wachezaji wakubwa. Alikuwamo katika kundi la picha ya Awaara ya mwaka 1951. Ukihesabu miaka utaona kuwa wakati huo alikuwa mdogo kuliko wengi wetu wa kidato cha kwanza. Alijifunza ngoma za jadi za Kihindi na dansi za Kizungu pia, hata mwaka 1958, akiwa na miaka kumi na tisa, akacheza wimbo mmoja katika picha ya Howrah Bridge. Mwimbaji alikuwa Geeta Dutt. Tangu siku hiyo India nzima ikamjua Helen.

Lakini walimjua vipi? Hili ndilo jambo lililonigusa. Katika sinema za siku zile kulikuwa na wanawake wa namna mbili. Wa kwanza ni binti mwema, ambaye mwisho huolewa na shujaa. Wa pili ni mwanamke wa klabu ya usiku, mwenye kunywa pombe na kufuatana na majambazi. Helen alipewa nafasi ya huyo wa pili karibu kila mara, na mara nyingi mwanamke huyo hufa kabla ya picha kwisha. Katika Gumnaam ya mwaka 1965 anauawa. Katika Don ya mwaka 1978 anauawa tena. Watu walilipa fedha zao kumtazama, wakampigia miluzi, kisha wakatoka wakimsifu yule binti mwema.

Nikasoma na jambo jingine dogo. Nguo za Helen zilizoonekana kuacha mwili wazi kwa kweli zilikuwa na kitambaa chepesi cha rangi ya ngozi chini yake. Tulichodhani ni mwili kilikuwa ni nguo. Niliposoma hayo nikakumbuka kwamba siku moja nilimkuta Dada akifua soksi ndefu za rangi ya mwili, zinazofika kiunoni, ambazo huzivaa jukwaani. Nilikuwa nimeziona kwa macho yangu, nami nikaendelea kuamini maneno ya watu.

Helen aliendelea kufanya kazi miaka mingi, katika mamia ya picha. Kwa picha ya Lahu Ke Do Rang ya mwaka 1979 alipata tuzo ya Filmfare ya mchezaji msaidizi bora, na mwaka 2009 serikali ya India ikampa nishani ya Padma Shri. Heshima ilikuja, lakini ilichelewa. Cuckoo, aliyemshika mkono mwanzo, hakuishi kuiona siku hiyo: alifariki mwaka 1981 katika umaskini.

Siku mbili kabla ya kurudi shuleni nilimsomea Babu habari hizi zote barazani. Sikumtaja Dada hata mara moja, kwani mtoto hamfundishi mzee adabu. Nilipofika pale kwenye ndugu aliyekufa Calcutta, Babu aliacha kuhesabu tasbihi. Nilipofika pale Helen alipoacha shule ili mama yake apate kula, alisema, "Basi, yatosha." Nikanyamaza.

Tukakaa kitambo. Kisha akaniuliza, "Viatu hivyo ulivyovaa, nani alikununulia?"

Nikajibu, "Dada."

Hakusema kitu tena jioni ile. Lakini asubuhi, Mama alipokuwa akizungumza na Dada kwa simu, Babu alinyosha mkono. Nilimsikia akisema, "Marahaba, mwanangu," kisha akanyamaza muda mrefu, akisikiliza.

Ndugu wasomaji, sisemi kwamba kila kazi ni sawa, wala sisemi kwamba binti aache shule akacheze dansi. Dada mwenyewe hataki hayo. Kila anapoandika ananihimiza nisome ili mimi nisilazimike kuacha kama yeye. Nisemalo ni hili: twapenda kutazama ngoma, kisha twamdharau mchezaji, wala hatuulizi ni watu wangapi wanaokula kwa jasho lake. Wazee husema, usisahau ubaharia kwa sababu ya unahodha. Mimi nilisahau hata kabla sijawa nahodha.

Kwa hiyo namwomba Mhariri aniruhusu kusahihisha kosa langu hapa, mbele ya walimu, wazazi na wanafunzi wenzangu. Rafiki zangu wa bweni, yule mgeni wangu wa Siku ya Wazazi, mwenye kucha ndefu na mzigo wa daftari, si jirani yetu. Ni dada yangu, tumbo moja. Mwaka huu nimemwandikia nikimwomba aje tena, naye amekubali. Mtakapomwona nitawaiteni nyote mje kumwamkia, nami nitakuwa wa kwanza kubeba mzigo wake kutoka kituoni.