Ngufu na Nguvu: Lugha ya Ushahidi Baada ya Mauaji ya Rwanda

Hukumu iliyotolewa mjini Arusha tarehe 2 Septemba 1998 dhidi ya Jean-Paul Akayesu, aliyekuwa meya wa Taba nchini Rwanda, hutajwa zaidi na wanasheria. Kwa mara ya kwanza mahakama ya kimataifa, baada ya kusikiliza kesi, ilimtia mtu hatiani kwa mauaji ya kimbari, na ubakaji ukahesabiwa kuwa tendo mojawapo la mauaji hayo. Mhakiki wa fasihi ana sababu yake ya kuisoma: ndani yake majaji wanalazimika kupima maneno.

Mashahidi wengi walinena kwa Kinyarwanda mbele ya mahakama ambayo lugha zake rasmi zilikuwa Kiingereza na Kifaransa. Walipoeleza waliyotendewa wanawake mwaka 1994, walitumia maneno manne kwa kubadilishana: gusambanya, kurongora, kuryamana na gufata ku ngufu. Wakalimani waliyatafsiri yote kuwa ubakaji. Msomaji wa Kiswahili hahitaji mkalimani ili kuliona tatizo. Kuryamana ni kulala pamoja, tafsida ambayo hata Kiswahili kinayo. Ni neno la mwisho tu linalobeba ngufu, ndiyo nguvu yenyewe. Shahidi aliyechagua tafsida hakuwa akipunguza uzito wa kosa. Alikuwa akitunza staha mbele ya wageni.

Gumu zaidi ni suala la pili. Majaji walibaini kwamba, katika jamii yenye mapokeo ya masimulizi, shahidi aghalabu hueleza jambo kama alijualo, ama alilishuhudia mwenyewe ama alisimuliwa; ikabidi aulizwe tena na tena hadi chanzo kijulikane. Sheria ina haki ya kudai hivyo, maana uhuru wa mshtakiwa unategemea jibu. Hata hivyo, kilichoonekana pale kuwa dosari ndicho mwanafunzi wa fasihi simulizi hukitambua kuwa sauti ya jamii. Fanani hasemi "niliambiwa" kila apumuapo. Aliyenusurika peke yake ukoo mzima ukiangamia hana budi kusimulia hata vifo ambavyo hakuviona. Asipovisimulia yeye, nani?

Mahakama za gacaca, zilizoenea nchini kote tangu 2005 na kufungwa Juni 2012 baada ya kesi zipatazo milioni 1.9, ziliirudisha sauti hiyo nyasini (jina lenyewe latokana na nyasi), mbele ya hadhira iliyomjua kila atajwaye. Lakini hadhira hiyo hiyo ilikuwa tishio: msimulizi alirudi nyumbani kwa njia moja na jamaa za aliyemshtaki. Sheria ya 2008 ilipozikabidhi mahakama hizo kesi nyingi za ubakaji zilizosalia, ilielekeza zisikilizwe faraghani. Mahakimu walisikiliza, majirani, ambao wangeielewa tafsida bila kufafanuliwa, walibaki nje.