Ati umebebwa na kaunti?

Kila mtoto wa Wajir, Garissa ama Mandera aliyeingia chuo kikuu ameisikia hii: "Si wewe ulibebwa na kaunti?" Mimi niliambiwa wiki ya pili ya BCom, kwa foleni ya lunch, na msee ambaye hata jina langu hakuwa anajua. Hakuwa na ubaya, alikuwa anatania tu. Lakini utani ukirudiwa sana, watu wanaanza kuuamini, hata wale wanaotaniwa. Nimeona wasee wa kwetu wakificha mahali wametoka ndio wasiulizwe walipata pointi ngapi. Hiyo ndiyo imenifanya niandike.

Wacha tuanze na vile kitu chenyewe kinafanya kazi. Ukimaliza KCSE huendi kubisha chuo kwa chuo. Kuna lango moja, KUCCPS, lililoundwa na Sheria ya Vyuo Vikuu ya 2012. Unaingia, unachagua kozi zako, na mfumo unakupanga kulingana na cluster points, ambazo mwisho wake ni 48. Sheria hiyo hiyo inaiambia KUCCPS iweke vigezo vya kusaidia jamii zilizotengwa, walio wachache na watu wenye ulemavu. Na sheria haikuokota hiyo kitu barabarani. Iko kwa Katiba ya 2010, kifungu cha 56.

Sasa sikia vizuri: hakuna mtu wa KUCCPS anayekupea gredi. Ili usomee digrii lazima ufikishe C+, iwe umesomea Habaswein ama Kilimani. Mtihani ni mmoja na siku ni moja. Kinachoangaliwa ni kwamba njia ya kufika kwa huo mtihani haikuwa moja.

Na haikuwa. Mwaka wa 1965 serikali iliandika kwa Sessional Paper nambari 10 kwamba pesa za maendeleo ziende kwanza kwa maeneo yenye ardhi nzuri na mvua. Habaswein kwa Kisomali ni vumbi kubwa. Wewe fikiria tulikuwa wapi kwa hiyo laini. Wakati huo kaskazini mashariki yote ilikuwa chini ya sheria za hali ya hatari, zilizoanza baada tu ya uhuru na zikaondolewa 1991. Miaka karibu 30! Ayeeyo wangu alizeeka ndani yake. Mwaka wa 1989 Wasomali Wakenya wakapangishwa laini kuthibitisha kama kweli ni Wakenya, na hadi juzi kupata kitambulisho huku kulikuwa na maswali ambayo mtoto wa Nyeri haulizwi. Ilikuwa Februari 2025 ndio rais alitangaza huo uchunguzi wa ziada umeisha.

Ama hizo ni story za wazee? Sawa, tuje karibu. Tarehe 2 Aprili 2015, watu 148 waliuawa Chuo Kikuu cha Garissa, wengi wao wanafunzi. Chuo kikafungwa hadi Januari 2016. Januari 2020 walimu wakauawa Kamuthe, na TSC ikahamisha walimu wengi wasio wa huku. Siwalaumu walimu, maisha ni ya kwanza. Lakini madarasa yalibaki, na watoto walibaki ndani yake. Kwa hivyo ukiona mtu ana B ya hesabu na kuna wakati alikuwa anajifundisha na kitabu kimoja cha watu sita, hiyo B usiipime kama ya mtu aliyekuwa na tuition kila Jumamosi.

Mimi nasema hivi: ile nafasi ni deni linalolipwa polepole, na mtu anayelipwa deni lake haambiwi amebebwa.

Binamu yangu yuko Minneapolis, amezaliwa huku kwetu lakini ana makaratasi ya Marekani. Anataka kuomba MBA kupitia kitu kinaitwa Consortium, kilichoanzishwa 1966 St. Louis ili Wamarekani weusi waingie kwa shule za biashara na kwa ofisi ambazo zilikuwa zimewafungia. Leo unajaza fomu moja, unachagua hadi shule 6, na kuna ufadhili wa karo yote kwa wanaoshinda. Lakini lazima aandike amefanya nini kusaidia wale wanaofungiwa nje. Alinipigia simu analalamika: "Walaalo, hii insha inanisumbua. Niandike nini?"

Nilimwonea wivu kidogo. Yeye ameulizwa. Fomu yangu haikuniuliza kitu. Iliona pointi, basi.

Ingeniuliza, ningeiambia nimekulia sokoni. Abti yangu ni dalali wa mifugo. Nimeona bei ya ngamia ikipatanwa kwa vidole chini ya kitambaa, watu wamesimama pale na hakuna anayejua ni ngapi isipokuwa wawili. Nimeona lori la mbuzi likienda Nairobi kwa mkopo, bila mkataba wa karatasi, na pesa zikirudi. Hooyo amekuwa kwa ayuuto, chama yetu ya kina mama, tangu sijazaliwa, na haijawahi kuvunjika. Mhadhiri alipofika kwa somo la mikopo na uaminifu, mimi sikuwa naanza mwanzo.

Na kuna fomu ya pili ambayo inaniuma zaidi. Tangu 2023, ukitaka ufadhili na mkopo wa serikali, unaulizwa hali ya familia, ikiwemo mapato ya mzazi. Mfugaji ataandika nini? Mbuzi hawana payslip. Kati ya 2020 na 2022 mvua ilikosa misimu mitano mfululizo na mifugo zaidi ya milioni 2 ikafa Kenya hii. Mzee aliyekuwa tajiri Jumatatu ya mwaka mmoja alikuwa hana kitu mwaka uliofuata, na hakuna benki iliyo na rekodi ya hiyo hasara. Kama kweli tunataka lango moja la haki, hapo ndipo pa kurekebisha. Kuniruhusu niingie halafu unitoe kwa karo ni kazi bure.

Kwa hivyo wewe uliye form four Habaswein, Modogashe, Griftu, Dadaab: ukiketi kwa cyber kujaza kozi, usijipunguze. Kama pointi zako zinafikia commerce, actuarial ama uhasibu, jaza. Usiandike kozi ndogo ati ndio usionekane umependelewa. Anza kutafuta kitambulisho mapema, weka barua ya chifu, na kama familia ilipoteza mifugo, omba chifu aiandike, ukae na hiyo karatasi.

Na siku ukiulizwa kwa foleni kama ulibebwa na kaunti, mwambie ukweli: kaunti ndiyo ilibebeshwa mzigo, wewe umeanza tu kuutua.